Kiti Kimoja Sebuleni kwa Phelesia

Mwalimu Phelesia aliuza viti vitano kati ya sita mwezi wa Aprili, mwaka wa tisini na nne, na akaviuza mchana kweupe kwa Nyangi, yule Mkuria mwenye hoteli ng'ambo ya barabara. Mtu akiuza viti vyake gizani watu husema ana shida. Akiuza mchana, wanasema ana mpango. Phelesia alikuwa na vyote viwili.

Shida yenyewe ilikuwa nyumba. Mumewe Elijah aliichukua kwa mkopo hapo Migori mjini, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka kumi na tano. Akalipa minne, akaugua miezi miwili, akafa. Mkopo haukuugua hata mafua. Halafu mwaka wa tisini na tatu riba ikapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, na barua ikaja ikimwambia mjane kwamba pesa anazoleta kila mwezi zinatosha riba tu. Deni lenyewe limekaa palepale likimtazama. Katika mtaa huo nyumba mbili zilikuwa zimeshapigwa mnada. Phelesia aliwaona watu wasiojulikana wakipapasa kuta za jirani, wakifungua mfereji kuona kama maji yanatoka, na mwenye nyumba amesimama kando amemshika kuku wake kwa miguu.

Kwa wakwe, huko Kisegi kando ya ziwa, boma lilikuwepo. Lakini Phelesia alikuwa amekataa kurithiwa na shemeji yake. Hakukataa kwa matusi. Alisema "baadaye", na hiyo baadaye ikawa kama mvua ya Januari. Hakuna aliyemfukuza. Ila mwanamke aliyesema baadaye anajua anahitaji mlango wake mwenyewe, na ufunguo wake mwenyewe. Basi akataka kitu kimoja tu duniani: hati ya nyumba mkononi kabla dalali hajaja kupapasa kuta zake.

Akaanza kubana. Maharagwe aliyachemsha alfajiri nusu tu, akaifunga sufuria kwa blanketi kuukuu na kuitia ndani ya kikapu, na akirudi kutoka shuleni saa kumi yameiva yenyewe bila makaa. Vumbi la makaa alilifinyanga na udongo likawa mipira, likaanikwa, likawaka tena. Majani ya chai yalifanya kazi mara mbili, na siku nyingine mara ya tatu, ingawa mara ya tatu yalikuwa yanapita tu kusalimia maji. Vipande vya sabuni alivishona ndani ya soksi ya marehemu. Omena, wale dagaa wa ziwani, alinunua gorogoro nzima, mkebe wa kilo mbili, kwa wanawake waliotoka kisiwa cha Remba, akala omena mpaka paka wa mtaa wakaanza kumheshimu.

Kila shilingi iliyobaki aliipeleka kwenye kampuni ya nyumba, juu ya malipo ya mwezi, na kusema hii ni ya kupunguza deni lenyewe, siyo riba. Karani wa dirishani, kijana mmoja aitwaye Stanley, hakuwa ameona kitu kama hicho. Wengine aliwafuata wakimkimbia. Huyu alimfuata yeye. Siku moja alimuuliza kwa upole kama ana ndugu Nairobi.

"Nina maharagwe," Phelesia alimjibu.

Lakini maharagwe hayakutosha. Jioni moja alikaa na kalamu nyekundu akajisahihisha mwenyewe kama mtoto wa darasa la tano, na kosa akaliona. Mwezi wa Februari peke yake alikuwa amelisha watu kumi na tisa. Nyumba ya mtu mwenye mshahara mjini ni ya ukoo mzima, kila mtu anajua. Alikuja mgonjwa wa hospitali na watu watatu wa kumsindikiza. Alikuja kijana wa kutafuta kazi, ambaye aliitafuta zaidi akiwa amelala. Alikuja mjomba wa Elijah mwenye kesi ya ng'ombe kortini, akakaa mpaka yule ng'ombe wa kesi akazaa.

Sasa, watu wa pwani wana methali yao kwamba mgeni siku ya tatu mpe jembe. Hapo Migori mjini jembe ulime nini, lami? Na Mjaluo hamwambii mgeni aende, hata kama nyumba inaungua atamwomba kwanza amalize chai. Ila kuna jambo lingine ambalo Mjaluo hafanyi. Hamsalimii mgeni akiwa amesimama. Kiti kwanza, ndipo mkono, ndipo habari za huko. Mgeni ambaye hajaketi hajafika.

Hapo ndipo Phelesia alipowaza kuhusu viti.

Mikeka aliivingirisha akaisukuma juu ya dari. Kiti kimoja kikabaki katikati ya sebule, na kitambaa chake cha kufuma mgongoni. Mgeni akija, anapewa kiti hicho kwa heshima zote. Phelesia anasimama. Anasimama kabisa, mikono imeshikana mbele, anatabasamu, anauliza habari za ng'ombe mmoja mmoja. Mgeni anasema keti, Mwalimu. Mwalimu anasema nimezoea kusimama, ndiyo kazi yangu. Hakuna mtu aliyelelewa na mama anayeweza kumaliza kikombe cha chai huku mwenye nyumba amemsimamia kama askari wa benki. Wakija wawili, yule wa pili anaanza kuaga kabla ya kusalimiwa. Kufikia Agosti, waliolala kwake walikuwa watatu. Kufikia Desemba, hakuna.

Alicheka peke yake, mwanzoni. Alikuwa amewafukuza wote bila kumfukuza hata mmoja.

Mwaka uliofuata mama mkwe wake alikuja kutibiwa macho, ameshikwa mkono na Roseline, mke wa shemeji. Kikongwe aliwekwa kwenye kiti. Macho yake yalikuwa kama maji ya mchele, basi akanyoosha mkono wa kulia kutafuta kiti cha jirani, akakuta hewa. Akanyoosha wa kushoto, hewa. Roseline alikuwa amesimama mlangoni na kikapu, na Phelesia amesimama mahali pake pa kazi.

"Wengine wako wapi?" kikongwe aliuliza.

"Wengine nani, mama?"

"Viti. Elijah alinunua sita. Nilimuuliza, mtu mmoja anataka sita vya nini, akasema ni vyenu, mama, mkija."

Phelesia alisema viliharibika. Alisema haraka, kama mtoto anayesema kazi ya nyumbani imeliwa na mbuzi. Roseline alikuwa amepita ng'ambo ya barabara kununua maandazi dakika chache tu kabla, na alikuwa ameviona vyote vitano kwa Nyangi, na vitambaa vyake.

Walilala usiku mmoja. Asubuhi, Phelesia alipotoka jikoni na chai, alikuta kitanda kimetandikwa na wageni wameshakwenda hospitali bila kunywa. Hawakurudi. Tangu siku hiyo, watu wa Kisegi wakija Migori walishukia kwa Nyangi. Phelesia aliwaona kutoka dirishani. Wameketi kwenye viti vya Elijah, wanakula samaki kwa pesa zao, wanacheka kwa sauti ile ya watu wa ziwani, ya kuitana mashua kwa mashua. Mara moja mmoja wao aligeuka akatazama dirisha lake, akainua mkono. Phelesia aliinua wake. Hakuna aliyevuka barabara.

Alibaki Lorine, binti yake, aliyekuwa anasoma bweni Homa Bay. Likizo ya kwanza Lorine alikalia kiti, na mama yake akakaa kitandani, wakaongea kupitia mlango wa chumba. Likizo ya pili alileta rafiki yake, akamwona mama yake amesimama na mikono mbele, na jioni ile yule rafiki akaomba kusindikizwa stendi. Likizo ya tatu Lorine aliandika barua kwamba atakwenda Kisegi kumsaidia bibi. Hakulaumu. Aliandika tu kwamba huko kuna watu.

Phelesia aliisoma barua ile akiwa ameiegemeza kwenye kikombe cha chai ya mara ya pili. Alijiambia nyumba hii ni ya Lorine, siku moja ataelewa. Kisha akatoka akapeleka kwenye dirisha la Stanley ile nauli ambayo Lorine hakuitumia.

Usidhani hakuona. Aliona. Ilifika wakati akawa anasahihisha madaftari ya watoto kwa sauti, ili kuwe na mtu anaongea. Mfereji ulipoanza kuvuja tone tone aliuacha siku mbili kabla ya kuukaza, yeye, Phelesia, aliyekuwa anahesabu vijiti vya kibiriti. Lakini mtu akishafika katikati ya mto, kurudi ni mbali sawa na kuvuka.

Nyongeza ya walimu ya mwaka wa tisini na saba ilipokuja, yote ilikwenda dirishani. Agosti ya tisini na nane, miaka minne kabla ya siku ya mwisho ya mkopo, Stanley alitoka nyuma ya kioo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mfupi kuliko Phelesia alivyodhani. Akampa hati ndani ya bahasha ya kaki, akamshika mkono, akasema mama, ofisi nzima wanakupongeza. Kisha akaita mtu anayefuata.

Phelesia alisimama barabarani na bahasha. Kulia kwake ilikuwa soko, kushoto posta, na katika mji mzima wa Migori hakujua amwambie nani. Mwishowe aliingia kwa Nyangi. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa. Nyangi, akigeuza chapati, alisema hongera sana, sana kabisa, na sasa bila shaka utataka viti vyako, lakini Mwalimu ujue bei imepanda.

Nyumbani alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Ulikuwa wake. Jumamosi akapanda gari la Homa Bay, akabadilisha hapo, akafika Kisegi amejaa vumbi mpaka kope, na bahasha kifuani.

Walimpokea vizuri. Hilo ndilo lililoanza kumtisha. Roseline alitoka mbio, akampangusia kiti, akakiweka mbele ya nyumba ya mama mkwe, akasema karibu Mwalimu, karibu sana. Zamani alikuwa anamwita nyieka, mke mwenzangu, na kumkabidhi mtoto amshike kabla hajaweka mzigo chini. Kuku akakimbizwa. Phelesia akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akaelekea jikoni kama mke yeyote wa boma anaporudi. Roseline akamkinga mlangoni, kwa upole, mkono mweupe kwa unga.

"Keti, Mwalimu. Mgeni haingii jikoni."

Akarudi kwenye kiti. Kutoka jikoni zilisikika sufuria, na vicheko, na katikati ya vicheko sauti ya Lorine ikisimulia kitu kirefu. Phelesia alijaribu kusikia ni nini, akapata maneno mawili matatu tu. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo ikisimulia tangu lini? Hakuweza kuhesabu, na yeye alikuwa hodari wa hesabu.

Baadaye Lorine alitoka, msichana mrefu wa miaka kumi na minane, na birika la maji ya uvuguvugu, beseni na taulo begani. Akapiga magoti mbele ya mama yake mzazi.

"Karibu unawe," akasema.

Phelesia akanyoosha mikono. Maji yakapita kati ya vidole vyake. Alitaka kusema inuka, mimi ni mamako, lakini kila kitu kilikuwa kimefanywa kwa adabu, na adabu aliijua mwenyewe jinsi inavyofunga mlango.

Alipewa paja. Baada ya chakula alimpa mama mkwe hati aishike. Kikongwe aliipitisha vidole pole pole, akagusa pale mhuri ulipobonyea, akalia kidogo, akasema Elijah sasa atalala. Alisema kwa kweli, bila kijembe. Phelesia akapata nguvu, akasema basi mje, mama, mje wote. Kliniki ya macho iko karibu, vyumba ni vitatu, nitanunua viti vingine.

"Asante, mwanangu," kikongwe alisema, akimrudishia karatasi. "Lakini tumeshazoea pale kwa Mkuria."

Walimtandikia kitanda cha wageni, na shuka jipya lenye mikunjo ya dukani. Alilala chali asilikunje.

Jumapili aliamka kabla ya jogoo wa pili. Ufagio ulikuwa umeegemea ukuta wa jikoni. Aliutazama kama mwizi. Kisha akainama, akaanza kufagia uwanja, kutoka mlango wa mama mkwe kuelekea nje, kama alivyofundishwa mwaka alioolewa, mistari inayofuatana bila kukanyagana. Akafagia manyoya ya kuku aliyechinjiwa yeye mwenyewe. Mgongo ukauma. Anga ya upande wa Homa Bay ikaanza kuwa nyeupe.

Mlango ukalia. Roseline alitoka, kanga kifuani, akasimama. Akatazama uwanja, akamtazama Phelesia, miguu mitupu, gauni la safari limejaa vumbi. Phelesia akaushika ufagio kwa mikono miwili, akangoja kunyang'anywa. Kungekuwa na maneno matamu, acha Mwalimu, pumzika Mwalimu, na angepanda gari la saa mbili.

Roseline alipiga miayo.

"Nyuma ya ghala hujafagia," akasema. "Na mbuzi ndio wanalala huko."

Akaingia jikoni kuwasha moto. Phelesia akaenda nyuma ya ghala. Palikuwa pachafu kweli, na akafagia taratibu sana, hakutaka paishe.