Ngazi ya Wakoli

Phelista alitoka Kitale na rasimu ya sera mkobani, moyoni akiamini kazi imekwisha. Chuo cha ufundi alichofanyia kazi kilikuwa kimewatengea wasichana nusu ya nafasi za somo la sola, kikawapunguzia karo, kikawanunulia mikanda ya usalama. Lakini kila mwaka wasichana walifaulu darasani, kisha siku ya kupanda paani wakayeyuka kama umande. Mwaka huu alikuwa amebaki Nabwile peke yake, naye asipopanda kabla ya muhula kwisha, cheti hapati.

Katika kanisa la Tongaren, kwao Nabwile, Phelista alisoma rasimu, akauliza kama kuna mwenye neno. Kina mama walitazama sakafu. Ndipo Wakoli, babake Nabwile, mkulima asiyependa mikutano, akasimama.

"Madam, si wewe ni wa hapa Bungoma? Ati hukujua mwanamke hapandi paa ya boma la watu?"

Phelista alijua. Mwiko ule aliunyonya pamoja na maziwa ya mama. Ila kule ofisini waliandika habari za mikanda, wakidhani wasichana wanaogopa kuanguka.

Mjadala ukawaka moto. Wazee walishikilia kwamba paa ni heshima ya mwenye boma. Linah, mjane mwenye ulimi wa pilipili, akawauliza kama mvua inayomnyeshea kitandani tangu mumewe afariki nayo iliomba ruhusa kwao.

"Mwenye boma yangu ni mimi," akasema. "Nimetoa ruhusa Nabwile apande kwangu. Sasa mnaogopea nani, bana?"

Hapo senge yake Nabwile, dada mkubwa wa Wakoli, akaamua: kama ni lazima mtoto apande, basi apandishwe na watu wake, si na walimu. Phelista akafuta ukurasa mzima, akaandika upya kama walivyomwambia: mwanafunzi atapanda mara ya kwanza kijijini kwao, kwa ruhusa ya mwenye boma, wazazi na senge wakiwepo.

Wakoli alitangulia kutoka. Walipofika kwa Linah walimkuta Wakoli ameshaegemeza ngazi yake ukutani. Aliishika kwa mikono yote miwili, macho chini, maana baba hamtazami bintiye akiwa juu.

Nabwile, ndani ya ovaroli, akapanda. Mabati yakalia chini ya buti zake. Phelista alikuwa ameona paneli nyingi zikifungwa, lakini leo mwili ulimsisimka. Msichana amesimama mahali ambapo mama yake hakuwahi kusimama, wala bibi yake, na mbingu zimetulia juu yake kana kwamba zilikuwa zikimngoja.

"Unaona nini huko?" Wakoli akauliza, uso ukiwa bado chini.

"Naona mlima Elgon wote, baba. Na kwetu pia. Kumbe paa yetu imeoza upande wa jikoni."

Watu wakaangua kicheko. Wakoli hakucheka. Aliinua uso polepole, jua likampiga machoni, wala hakuyafumba.

"Kesho basi," akasema, "hii ngazi tuirudishe nyumbani. Ukapande paa yetu."