Mpira wa Upande wa Kulia

Kwa miaka minne ilikuwa nadra mpira kumpita Praygod. Timu yao ya besiboli ilifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha shule pale Rau, naye alisimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo wengi walipakimbia. Mpira aliokuwa akiupenda kuliko yote ni ule wa kubingiria upande wake wa kulia. Anaukatia njia, anavusha mkono wa kushoto mbele ya mwili, anageuza glavu kinyume, na mpira unatumbukia humo na vumbi lake.

Mwezi wa tano mpira ukaanza kumpita.

Kwanza alilaumu mabonde ya kiwanja, kisha glavu. Kocha Wenseslaus akampigia mipira hamsini, yote kulia. Akadaka kumi na mmoja.

"Miguu haina kosa," kocha akasema. "Unachelewa kuuona. Hebu fumba jicho la kushoto, unitazame."

Praygod akafumba.

"Unaona nini?"

"Pua yako, kocha. Basi."

Hospitalini walimpima nusu siku nzima. Daktari hakuzungusha maneno: ni presha ya macho. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

"Kwenu yupo mwenye shida hii?"

"Hapana," Praygod akajibu, akijua anadanganya.

Kesho yake akapanda Kidia, nyumbani kwao. Baba yake, mzee Filemon, alikuwa amekaa kando ya banda, akiwakatia ng'ombe mgomba kwa kupapasa. Huu ulikuwa mwaka wa tisa haoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Leo hamna mazoezi?"

"Nimeacha, baba."

Panga likasimama. Mzee akaliweka chini taratibu.

"Jicho gani?"

Praygod alikuwa hajataja jicho. Akaketi juu ya majani.

"La kulia."

"Langu nalo lilianza hilo." Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Waliniambia niwalete watoto mpimwe. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Nikasema, nikimpeleka huyu, ataanza kuishi kipofu kabla siku zake hazijafika. Nikanyamaza. Hata mama yako sikumwambia."

Miaka tisa ya matone ingekuwa imeokoa kiasi gani? Praygod hakuthubutu kupiga hesabu hiyo.

"Na la kushoto?" mzee akauliza.

"Wanasema nalo limeanza."

Mzee Filemon aliinama akaanza kulitafuta panga lake. Mkono ukapita juu ya mpini bila kuugusa, ukaenda, ukarudi, ukapita tena. Praygod aliuona mwendo huo wote, mwanzo mpaka mwisho, asimwelekeze.