Hatuna Shida

Emiliana alikuwa amezungushwa mpaka basi. Jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye ruzuku ya kaya maskini, ile iliyomnunulia mumewe Zefania dawa za presha tangu apooze, na hakuna aliyekubali kwamba kosa ni lake. Mtendaji wa kijiji alimwambia, "Hilo ni la halmashauri." Akapanda gari mpaka wilayani, akaambiwa majina yanatoka kijijini. Jamani! Mtu mzima anapigwa danadana, na mgonjwa yuko kitandani dawa zimekwisha.

Basi siku ya mkutano wa kijiji, alipomwona Calist, afisa ustawi wa jamii kutoka wilayani, ameketi bega kwa bega na mtendaji, alisimama.

"Shikamoo mama," Calist alisema.

"Marahaba. Mliniondoa kwa nini?"

Calist akapekua karatasi zake. "Tulipokuja kuhakiki ulituambia hamna shida. Tena ukatuchinjia kuku."

Watu wakaguna. Emiliana alihisi damu inampanda. Yeye, mzaliwa wa Kinampanda, aliyelelewa akalelewa haswa, leo anasutwa kwa kumkirimu mgeni!

"Mwanangu, uliniuliza mna shida gani hata kitako hujakaa. Nani anampokea mgeni kwa matatizo yake? Nilikujibu kama mgeni anavyojibiwa. Na kuku hakuwa wangu."

"Alikuwa wangu!" Selina, jirani yake, alidakia kutoka nyuma. "Mgeni aondoke na njaa, na sisi tupo?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Calist akainamisha kichwa.

"Basi mama, yaishe. Tamka tu hapa mbele za watu kwamba wewe ni maskini, nikurudishe."

Emiliana aliwaza dawa za Zefania. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini ah, hapana!

"Sitamki. Njoo nyumbani ufunue vyungu, umwone na mgonjwa. Kujidhalilisha mbele za watu, hilo hutalipata kwangu."

Mwenyekiti akauliza wangapi wanaona anastahili. Mikono ikainuka uwanja mzima. Calist akamtazama mtendaji, mtendaji naye akamtazama Calist.

"Leo mko wote wawili," Emiliana alisema. "Nani anaandika?"

Calist ndiye aliyeshika kalamu, akawa anasoma kwa sauti huku akiandika. "Emiliana ameomba kurudishwa..."

"Futa hapo," alisema Emiliana. "Sijaomba. Andika mlikosea."