Ndama wa Kampuni

Mzee Maganga wa Isangamo alikuwa na ng'ombe watatu. Ukimuuliza karani wa kodi, watatu. Ukimuuliza padri, watatu. Hata mkewe Tereza, aliyewakamua kila asubuhi tangu alipoolewa, angekuapia kwamba ni watatu, na mmoja wao chongo.

Wengine walikuwa matembezini. Kundi moja lilikaa kwa shemeji yake Kishapu, jingine kwa rafiki yake Donatus ng'ambo ya mto, na mengine huko na huko. Ndiyo desturi ya wafugaji. Unamwekesha mwenzio ng'ombe; yeye anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama wanabaki wako. Ugonjwa ukivamia boma moja, haukumalizi. Ni desturi nzuri, yenye udugu ndani yake. Maganga alikuwa ameigundulia faida moja zaidi: karani wa kodi huhesabu boma moja tu.

Mwaka ule wa 1964, hata hivyo, Maganga hakuwaza ng'ombe. Alimwaza binti yake Anisia, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza wa Anisia alizaliwa juu ya mkokoteni aliouongoza Maganga mwenyewe, katikati ya mbuga, akafa kabla hawajaziona taa za hospitali ya misheni. Tangu siku hiyo Maganga alitaka kitu kimoja duniani: zahanati yenye mkunga, hapo hapo Isangamo.

Halmashauri ilikubali kujenga, kwa sharti kila mwenye mali achangie kwa kadiri yake: mkulima kwa pamba, mfugaji kwa ng'ombe, na kampuni ya wageni iliyochimba dhahabu nyuma ya kilima, kwa faida yake. Wakulima walichanga. Kampuni ikasema haina kitu. Ndipo ukaitishwa mkutano katika ghala la pamba la ushirika, na wanakijiji wakamchagua Maganga awasemee, kwa kuwa alikuwa na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

Kampuni ilimtuma afisa wake, kijana aitwaye Eustace, aliyevaa tai katika joto la kukaushia nyama.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Kampuni inawapenda sana. Lakini mwaka jana tulipata hasara. Mwaka juzi pia."

"Marahaba. Na mwaka wa nyuma yake?"

"Hasara, mzee. Tangu tuanze."

"Poleni. Na bado mnachimba?"

"Tunachimba."

"Mna moyo kweli," alisema Maganga, na ghala zima likacheka.

Eustace akaeleza kwa upole. Mitambo ile haikuwa ya kampuni, ilikodiwa kwa kampuni dada. Mtaji nao ulikuwa mkopo wa kampuni mama. Ukishalipa kodi ya mitambo na riba ya mkopo, hakibaki kitu.

"Huyo dada ameolewa wapi?" Maganga aliuliza.

"Hajaolewa, mzee. Yuko kisiwani, mbali sana. Kule hakuna kodi ya serikali."

"Na baba yao?"

"Kampuni haina baba."

"Ndiyo maana haina adabu!" alipaza sauti mwanamke mmoja nyuma.

Watu walicheka, lakini Maganga alikuwa ametulia ghafla, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao akiwa ugenini.

"Hebu niambie, ng'wanawane, mwanangu. Huyo dada anakunywa maziwa tu, au hata ndama ni wake?"

"Sijakuelewa, mzee."

"Umenielewa. Fedha ikishafika kwa dada, mwishowe ni ya nani?"

Eustace akalegeza tai. "Mwishowe… ya wenye kampuni."

"Basi ndama ni wenu! Mmewekesha ng'ombe kwa dada, ili karani akija akute boma tupu!"

"Ni tahadhari tu, mzee. Bei ya dhahabu inaweza kuanguka."

"Tahadhari! Nilijua utasema tahadhari!" Maganga alisimama, macho yanang'aa. "Mimi husema ugonjwa. Tena huwawekeshi wote mahali pamoja, unawagawa. Mwenye mkono mrefu unampa madume, maana dume halizai, hutaibiwa ndama. Na karani akikuta kwato nyingi mlangoni, unamwambia majirani walipita kunywesha…"

Akasita. Karani wa kodi, Telesphori, aliyekuwa amekaa pembeni, aliinua kichwa polepole.

"Mzee Maganga, umeyajulia wapi haya?"

"Nimesikia tu."

"Kasikia wapi!" alisema Generosa, mke wa shemeji yake, aliyekuja kutoka Kishapu kumtazama mjamzito. Alidhani shemeji yake anadharauliwa. "Huyu ni mtu mkubwa! Ng'ombe wake kumi na wanane wako kwangu, wamenona!"

"Kwangu ishirini na wawili," alisema Donatus kwa fahari, akiinua mkono kama mwanafunzi.

Tereza alisimama. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Maganga alipoogopa.

"Baba Anisia. Mwaka jana niliomba khanga, ukasema tungoje pamba. Nikaingoja pamba. Nikawa namkamua chongo na kumwonea huruma mume wangu, masikini."

Eustace alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyani haoni kundule! Wazee, sikilizeni: siku mzee huyu atakapolipia ng'ombe wake wote, na kampuni italipa."

"Umesema mbele ya mkutano?" aliuliza Telesphori.

"Nimesema!"

Maganga aliangalia huku na huku akitafuta neno la kujiokoa, na maneno kama hayo hayakuwahi kumpungukia. Lakini macho yake yakakutana na ya Anisia. Watu wote walicheka, yeye hakucheka. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, akimtazama baba yake vilevile alivyomtazama kule juu ya mkokoteni, kana kwamba baba anaweza kufanya kitu.

"Andika," alisema Maganga. "Kishapu kumi na wanane. Donatus ishirini na wawili. Buseresere tisa."

"Buseresere nako!" alisema Tereza.

"Nyamaza, Mama Anisia, nisije nikanyamaza mimi. Kwa mpiga ngoma wa Mlimani, sita. Kwa katekista, wanne."

Katekista akainama kufunga kamba za viatu.

"Sema, shemeji, sema," alimtia moyo Generosa. "Mficha uchi hazai."

Alipomaliza, Maganga alikuwa tajiri kuliko wote Isangamo. Kwa mara ya kwanza kila mtu alijua, yeye mwenyewe akiwemo, maana hakuwahi kuwajumlisha.

Watu walipogeuka kumtafuta Eustace, alikuwa ameshatoka. Walimkuta nje karibu na Landrova ya kampuni, lakini Anisia alikuwa amemtangulia. Alikaa juu ya bampa ya mbele, miguu ameinyoosha.

"Dada, tafadhali, nipishe," alisema Eustace.

"Mimi siyo dada yako. Dada yako yuko kisiwani."

"Sina mamlaka ya kulipa! Lazima niwaandikie wakubwa Ulaya."

"Waandikie."

"Nitaandika nikifika ofisini."

"Wino wa ofisini hukauka upesi. Andika hapa, na Telesphori asome."

Eustace aliwatazama watu waliomzunguka. Hakuna aliyekuwa na hasira. Walikuwa wanakaa chini mmoja mmoja, kama watu wasio na haraka. Akatoa karatasi, akailaza juu ya boneti, akaanza. Maganga alikuja akasimama ubavuni pake.

"Andika kwamba mzee amekubali kulipia wote," alisema. "Andika kwamba wewe uliahidi. Andika: dada arudishe ndama."

Kalamu ya Eustace ikasimama. "Mzee, hapo wakubwa wangu hawataelewa."

"Wewe andika hivyo hivyo," alisema Maganga, akimpigapiga begani. "Hao nao ni wafugaji. Wataelewa."