Buti la Kushoto

Kila neno mtakalosoma hapa ni la kweli. Naapa kwa magoti yangu yote mawili, lile zima na lile linalolia kama bawaba. Nikiongeza chumvi hata chembe moja, mninyang'anye ninachokipenda kuliko vyote. Najua wapo wanaosema nilidanganya habari ya kuku aliyetaga ndani ya kichujio cha hewa cha trekta langu. Hao hawakumwona kuku. Mimi nilimwona, na yai nililila.

Nilistaafu ukarani wa stoo miaka tisa iliyopita. Ofisini waliniaga kwa saa ya ukutani, kana kwamba nilikuwa sijui muda unakwenda. Sikuwajibu. Nilikwenda zangu nikanunua trekta dogo kuukuu, ambalo vyuma vya wavu wake wa mbele vilikuwa vimeng'oka vyote kama meno, nikaliita Kibogoyo. Ufundi nilijifundisha mwenyewe. Kitabu chake kiliandikwa kwa lugha nisiyoijua, kwa hiyo nilisoma michoro. Michoro haijui kusema uongo, ndiyo maana ilituchukua muda kuelewana.

Jumamosi moja asubuhi binti yangu alipita nyumbani akienda kazini. Yeye ni fundi wa magari, fundi hasa, mwenye cheti. Cheti chake kimetundikwa sebuleni juu ya saa yangu, nami sijasema kitu. Alipofika tu, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele la kushoto.

"Baba, njoo uone."

"Nimeshaona."

"Umeona nini?"

"Chochote unachotaka kunionyesha."

Akanionyesha hivyo hivyo. Pale ambapo chuma cha usukani kinakutana na mkono wa gurudumu pana jointi, na ndani yake mna gololi kubwa kama ndimu changa. Jointi hiyo huvalishwa kofia ya raba ili grisi isitoke na matope yasiingie. Mafundi huiita kofia hiyo buti. Buti letu lilikuwa limechanika upande mzima, grisi nyeusi inaning'inia kama kamasi.

"Mchanga umeshaingia," akasema binti yangu. "Jointi bado nzima, lakini ikilika, siku moja utakata kulia na gurudumu hili litakataa. Na ukiwa pale mteremkoni kwenye mfereji, likikataa mara moja inatosha."

"Gurudumu hili halijawahi kunikatalia."

"Wewe ndiye unayekataa, baba. Umekataa miwani, umekataa kupumzika. Nitakuja jioni nilibadilishe buti mwenyewe. Halafu tuzungumze habari ya ufunguo."

Habari ya ufunguo! Ilikuwa inazunguka mle ndani miezi mitatu. Watoto wangu walikuwa wakinong'onezana kwamba baba ana miaka sabini na miwili, baba asiendeshe tena, baba atafutiwe dereva. Nikiingia chumbani wananyamaza, kisha wananiuliza kama nimekula. Saa ya ukutani nilipewa mara moja, nikaipokea. Ya pili sipokei.

"Jioni utakuta limefungwa," nikamwambia. "Kwa mikono hii."

"Peke yako?"

"Ni mwaka gani niliomba msaada?"

Akasimama, akafuta mikono kwenye ovaroli yake. "Haya. Tuwekeane sharti. Mikono itakayofunga buti hili ndiyo itakayoshika ufunguo. Ukilifunga peke yako, sitatamka tena neno kupumzika, na wenzangu nitawanyamazisha. Ukishindwa, unautoa ufunguo, na kuanzia leo unapanda kwenye tela."

"Kwenye tela?"

"Kama gunia."

Mke wangu alikuwa barazani na cherehani yake. Ni mshonaji wa miaka arobaini. Hakuinua hata kichwa. "Mimi shahidi," akasema, akaendelea kukanyaga.

Binti yangu alipoondoka tu, nikapiga simu duka la pembejeo, lile linalouza kila kitu kuanzia majembe hadi vipuri. Mwenye duka alikuwa mgeni, hatujuani.

"Nahitaji buti," nikamwambia. "Dogo. La kushoto."

"La kushoto tu, mzee wangu?"

"La kushoto tu. La kulia ni zima."

Akashusha sauti. "Pole sana. Ilikuwaje?"

"Uzee tu. Lilianza kupasuka, nikapuuza. Sasa linavuja."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari wa nini? Binti yangu ndiye fundi. Atakuja jioni na nyundo."

Nikasikia simu ikihamishwa kutoka sikio moja kwenda jingine. "Mzee, usitoke hapo ulipo. Nakuletea mwenyewe."

Akaja kwa pikipiki, saa sita kamili. Akanikuta nimesimama uani kwa miguu yangu miwili, akaitazama mmoja mmoja. Mkononi alikuwa na buti la mvua, jeusi, linalofika gotini. Moja. La kushoto. Ndani yake alikuwa ametia kikaratasi kilichoandikwa, Ugua pole.

"Buti la trekta, ndugu yangu!" nikamwambia. "La jointi!"

"Ungesema la jointi. Mimi nimetengua pea nzima kwa ajili yako."

"Basi rudi uniletee."

"Duka nimefunga mpaka Jumatatu. Nasafiri sasa hivi, nilipita kwa ajili ya mguu wako." Akapanda pikipiki yake, na mpaka anakata kona alikuwa bado anageuka kuniangalia, nadhani kwa kutoamini.

Mtu mwingine hapo angekaa chini. Mimi nililitazama lile buti, nikaona kwamba raba ni raba.

Nikamwinua Kibogoyo kwa jeki, nikaziba magurudumu ya nyuma kwa mawe. Nikachomoa pini, nikafungua nati, ile yenye meno kama taji. Sasa ilibaki jointi yenyewe, iliyobana kwenye tundu lake tangu ilipotoka kiwandani. Nikashika nyundo. Nikapiga mara moja. Moja! Jointi ikaachia kwa mlio ambao mbwa wa jirani aliposikia alihama mtaa, na mpaka leo anatuma salamu tu. Nikafuta mchanga wote kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nikakata shingo ya lile buti la mvua, pale raba ilipo nyembamba, nikaikunja kama pia, nikaishona kwa uzi wa nailoni, nikapaka gundi ya kuzibia matairi. Nikajaza grisi mpya, nikaivalisha jointi, nikaikaza kwa waya juu na chini, nikarudisha nati na pini mpya. Mke wangu muda wote huo alikuwa barazani akishona mashuka. Sijui hata kama alijua ninafanya nini.

Saa kumi na moja binti yangu akarudi. Hakusalimia. Akalala chini ya trekta kama anayekagua mwizi. Akalitikisa gurudumu, halikucheza. Akaniambia nizungushe usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Raba ikajinyoosha, ikajikunja, grisi haikutoka hata tone.

"Imekaa," akasema kutoka chini. Nikaona jua limezidi kung'aa. "Mpaka Jumatatu itafaa, tutaweka lenyewe. Nani kashona?"

"Mikono hii."

"Na kufunga waya?"

"Hii hii."

Akatoka chini, akakaa, akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Baba, ule waya umezungushwa mara mbili, mkia ukapitishwa chini, ukalazwa upande wa kushoto. Vifungo vya sare yangu ya shule vilifungwa hivyo. Miaka saba, hakikudondoka hata kimoja."

"Nilijifunza kwa kuangalia."

"Sawa." Akaenda barazani, akarudi na sindano na uzi. "Tunga."

Nikaichukua ile sindano. Nikaulowanisha uzi, nikalenga. Nikatunga hewa. Nikatunga hewa tena, mara hii karibu zaidi. Tundu la sindano lilikuwa linatembea.

"Jua linanipiga machoni," nikasema.

"Jua liko nyuma yako, baba."

Cherehani ikanyamaza. Mke wangu akainuka, akaja taratibu akijifuta vidole kwenye kanga, na kwenye kucha zake, wallahi, kulikuwa na grisi.

"Na nyundo pia," akasema. "Mwambie."

Basi niseme. Pale niliposema nilipiga mara moja, mara moja ni kweli, ila mkono haukuwa wangu. Mimi nilipiga saa nzima, tena nilikuwa ninapiga jointi yenyewe, mpaka bega likakataa kunyanyuka na nikakaa juu ya jiwe nikijifanya nawaza. Mke wangu ndiye aliyekuja akauliza, "Unampiga nani?" Miaka yote binti yetu alipokuwa akieleza kazi yake mezani, mimi nilikuwa nikimkatiza. Yeye alikuwa akisikiliza. Akaleta pasi yake kuukuu ya chuma, akaiegemeza nyuma ya tundu, akapiga ubavu wa tundu, si jointi. Pa! Ikaachia. Raba aliikata kwa chaki na mkasi kama anakata kola. Mimi nilishika taa ya mkononi, mchana kweupe, ili nami nionekane nafanya kitu. Mbwa wa jirani yupo, hajahama.

Binti yangu akanyoosha kiganja. "Ufunguo, baba."

Nikautoa mfukoni. Ulikuwa na joto langu. Nikaufuta kwanza kwa pindo la shati, pande zote mbili.

"Subiri," akasema mke wangu. "Sharti lilisemaje? Mimi ni shahidi. Mikono itakayofunga ndiyo itakayoshika. Wewe, mwanangu, ulifunga?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Ulifunga?"

"Sikufunga."

"Basi lete hapa." Akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwangu kabla binti yetu hajafumba mdomo. "Miaka tisa nabebwa kwenye tela hilo na vikapu, kila bonde nalijua kwa makalio. Baba yako asiendeshe, sawa. Nani alisema habari ya mimi?"

"Mama, hujui kuendesha!"

"Cherehani nilizaliwa nikiijua? Kaa hapo kwenye madigadi, juu ya gurudumu, unioneshe klachi. Na mteremkoni hatufiki leo, ni humu uani tu, usinitolee macho."

Akapanda. Akavuta kanga, akaifunga kiunoni. Binti yangu alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mkubwa wa kumshtakia, asimwone, akapanda kwenye madigadi. Alikuwa anacheka kwa kujificha.

Nami nililipa. Nilipanda kwenye tela, nikaketi kati ya vikapu, nimelikumbatia buti la mvua lisilo na shingo. Ila niliketi nimetazama nyuma, mtu asije akadhani ninamfuata mtu. Kibogoyo akakohoa, akashtuka, akaondoka. Nikageuza shingo, nikaona ukuta wa banda la kuku unatujia.

"Kata kulia!" nikapiga kelele. "Kulia, mama, kulia!"

"Gunia halisemi," akajibu mke wangu.

Na kulia akakata, na gurudumu likakubali.