Kibuyu Kisichooshwa

Kila asubuhi Mzee Gidabuday alifika kwenye zahanati ya misheni, chini ya mlima Hanang, amekumbatia kibuyu kidogo kama mtu aliyebeba kitoto cha mbuzi. Ndani mlikuwa na mkojo wake. Siku ya kwanza Hermani, dresa kijana aliyemsaidia daktari, alimpa chupa ya kioo. Mzee aliirudisha kwa vidole viwili.

"Hii inaonyesha ndani. Mtu mwenye ng'ombe mia mbili nipite sokoni Katesh, kila mtu ayaone mambo yangu?"

Hermani hakubishana. Aliamini kwa moyo wote kwamba dawa isiyo na heshima haiponyi.

Kazi yake ilikuwa kuchemsha matone ya mkojo ule pamoja na maji ya dawa ya buluu. Yakibaki buluu, sukari haipo. Yakiwa mekundu kama tofali, imejaa. Daktari, kabla ya kwenda safari, alikuwa ameagiza: kila yakiwa mekundu, ongeza insulini kidogo. Na Jumamosi mzee alitakiwa kubariki ndoa ya mwanawe kwa kuwapulizia maharusi pombe ya asali kutoka mdomoni, maana bila baba bibi arusi haingii bomani. Hermani alikuwa amemwahidi kwamba rangi ikitulia, atamruhusu aende.

Jumatatu, nyekundu. Jumanne, nyekundu.

"Shikamoo, mzee. Umeonja asali?"

"Marahaba. Sijaonja."

"Hata kulamba?"

"Kijana, mke wangu ananilinda kuliko askari anavyomlinda mfungwa. Jana nyuki alinitua mdomoni, Kornelia akamfukuza kwa ufagio. Nyuki alikwepa. Mimi sikukwepa."

Hermani alimwamini, na ndiyo maana aliumia zaidi kila alipoongeza dawa.

Alhamisi rangi ilikuwa bado nyekundu, na muda mfupi baada ya sindano mzee alianza kutokwa jasho. Mikono ikamtetemeka.

"Mbona mlima unatembea?" aliuliza.

Hermani aliyakumbuka masomo yake. Sukari ilikuwa imepungua mno. Alikoroga chai yenye vijiko vitano vya sukari. Kornelia, aliyekuwa amemsindikiza mumewe, akamshika mkono.

"Mwezi mzima nimemnyima, nikaitwa mchawi. Leo wewe unammiminia?"

"Mama, niachie. Bila hii tutampoteza."

Kornelia alimwachia. Mzee alikunywa, akatulia, kisha akanyoosha kikombe. "Ongeza. Kumbe ugonjwa huu una siku zake nzuri."

Moyo wa Hermani uliporudi mahali pake, aliwaza. Mtu aliyeishiwa sukari, asubuhi ileile kipimo cha mkojo wake kinakuwaje chekundu? Macho yake yakaangukia kibuyu. Alikimwaga, akatia maji safi ya tangi, akatikisa, akayachemsha na dawa.

Nyekundu kama tofali.

"Tangi la misheni nalo linaumwa?" mzee aliuliza. "Lichome sindano."

"Mama Kornelia," Hermani alisema taratibu, "kibuyu hiki kilikuwa cha nini?"

"Cha asali. Nilimpa kilicho bora. Mzee kama huyu atembee na kibuyu cha ovyo?"

"Mlikiosha?"

Kornelia alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama fahali hukamuliwa. "Kibuyu cha asali hakioshwi. Maji yakibaki humo, asali inachacha. Hicho hakijaoshwa tangu mama yangu anipe."

Mzee alisema, "Kwa hiyo aliyekuwa mgonjwa ni kibuyu, ila kimekuwa kikichomwa kwenye matako yangu."

"Nisamehe, mzee. Ilinipasa kuuliza siku ya kwanza."

"Uliona aibu kuniuliza. Nami niliona aibu kubeba chupa. Aibu mbili zimetaka kuniua."

Jioni ile Kornelia aliishonea chupa ya kioo mfuko wa ngozi ya ndama. Hermani alirudisha dawa kwenye kipimo cha mwanzo. Ijumaa, maji yalipochemka, aliyatazama bila kupumua. Yalibaki buluu.

Jumamosi, mbele ya wakwe na majirani, Mzee Gidabuday alijaza mdomo pombe ya asali. Mashavu yalivimba. Hermani, mgeni mwalikwa, hakuwaona maharusi; alitazama koo tu. Koo halikusogea. Mzee aliwapulizia wanawe baraka kwa nguvu mpaka shati la dresa likalowa.

Watu wakaitikia. Kornelia hakuitikia. Alisogea karibu.

"Fungua mdomo," alisema.

Mzee mwenye ng'ombe mia mbili aliwatazama wakwe zake, akamtazama Hermani, akafungua.