Maziwa ya Ukutani

Mshona vifungo alimeza kidonge chake penye bomba la kunawia, kabla kengele ya zamu haijalia. Mwanawe alikuwa bado mchanga, lakini msimamizi alishamwonyesha doa kwenye shati la mteja.

"Dada, kausha hayo maziwa, au kaa nyumbani moja kwa moja."

Muuguzi ndiye aliyempa kidonge hicho, cha kushusha homoni inayoleta maziwa, akamwonya asiinuke ghafla, kizunguzungu kisije kumwangusha. Yakikauka yanakwenda wapi, hakuna aliyeuliza.

Basi kifua kikakauka. Na mchana, saa ya mtoto kunyonya, ukuta wa kiwanda nyuma ya cherehani yake ukaanza kuchuruzika maziwa, ya vuguvugu, kwenye ufa karibu na swichi. Fundi umeme akaja akahamisha swichi. Msimamizi akaagiza ndoo.

"Kitendawili!" alisema mpiga pasi.

"Tega, upesi."

"Kisima changu, wachotaji wengine."

"Shoga, usinichokoze." Mshona vifungo akakanyaga pedali, na mashine ilikuwa imezimwa.

Chai ya ofisini ikanoga. Nyumbani mtoto alitema maziwa ya kopo, akakonda hadi nepi zikawa zinamvuka. Mama mkwe alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka.

Jioni moja mshona vifungo akajaza chupa, akaifunika kwa kanga mkobani. Mlinzi wa getini akaipapasa.

"Ni maziwa ya mwanangu, kaka."

"Yametoka wapi?"

"Ukutani."

"Ukuta wa nani?"

Mshona vifungo akaishika chupa kwa mikono miwili.

"Hapa hata kipande cha uzi hakitoki, dada'angu. Unanijua, mimi mwenyewe nina watoto." Akayamwaga kwenye maua, polepole, asimrushie viatuni.

Kesho yake mama mkwe akaja na mjukuu. Getini akaambiwa watoto hawaingii. Hakubishana. Alizunguka kiwanda akigonga matofali kama anayebisha hodi, akakisia mahali anapokaa mkwewe, akaketi chini, akaweka mdomo wa mtoto ukutani. Upande wa nje ulikuwa mkavu. Mtoto akanyonya chokaa, akaanza kulia.

Ndani, mama yake alikisikia kilio kikipita kwenye matofali. Akageuka, akaweka kiganja ukutani, maziwa yakamtiririka hadi kiwikoni.

"Dada," alisema msimamizi, "mashati hayajishoni."

Akajifuta mkono vizuri, asichafue kitambaa, akaketi.